Bomba la Mama Agata

Nakumbuka siku moja mwanamke mpika pombe ya lutuku alisimama mlangoni mwa jiko letu, mjini Kasongo, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. "Hayo maji," alisema, "nani atayasukuma?"

Swali la maneno manne, mwanangu. Lilinigharimu siku nzima ya jua kali, na nusura limgharimu mjomba wangu mke. Keti nikueleze, maana nawe naona umeanza kuwa na mdomo kama wangu wa wakati ule, na sitaki uuzungushe nchi nzima kabla hujajua pa kuufunga.

Zilikuwa zama za Wabelgiji, miaka yao ya mwisho, ingawa hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho, wao wenyewe wakiwa wa kwanza kutojua. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba yangu alikuwa amenipeleka kusoma kwa mamere, ndivyo tulivyowaita watawa wa kike wa misheni, na jamaa zetu wa mjini, Waislamu tangu enzi za mababu, walimsema sana. Bibi yangu alihofia nitarudi na msalaba shingoni. Sikurudi na msalaba. Nilirudi na maswali. Nilimuuliza mwalimu wa msikiti ni nani aliyewahesabu malaika. Nilimuuliza mamere mkuu swali hilohilo, nikapewa adhabu ya kufagia kanisa. Bibi aliponikataza kula mayai nikamuuliza sababu, naye aliposema ndivyo ilivyo tangu zamani, nikala mawili mbele yake huku namtazama machoni.

Nilitilia shaka kila kitu kilichosemwa na mtu mwingine. Angalia vizuri hapo, mwanangu. Kilichosemwa na mtu mwingine.

Sasa, mjomba wangu Sefu, mdogo wake mama, alikuwa amefiwa na mke. Miaka mingi alishika spana katika karakana ya Wazungu wa pamba, na alipotoka huko alianza kujenga motokari yake mwenyewe uani kwetu. Usicheke. Fremu na magurudumu vilitoka kwenye kamiyo, ndivyo tulivyoita lori, iliyotumbukia korongoni. Moteri, yaani injini, ilitoka kwenye kamiyo nyingine, ya zamani zaidi, iliyotupwa upande wa machimbo ya Salamabila, na watu wanane waliibeba kwa miti kama wanabeba chifu. Mwili wote uliobaki ulikuwa mbao. Kabla haijasogea hata hatua moja, Mjomba alikwisha kuandika ubavuni mwake, kwa rangi nyeupe na herufi kubwa: NIMEFIKA.

Alipotaka kufika ni Kabambare. Huko aliishi Zaina, binti wa Mzee Athumani, na Mjomba alikuwa amemposa. Kwa miaka miwili alimtumia mzee salamu za motokari: motokari iko karibu, motokari imebaki milango, motokari imebaki kuwashwa tu. Mwishowe mzee akatuma jibu kwa dereva wa kamiyo, na dereva akalisema uani kwetu mbele ya kila mtu: "Mzee anasema hivi: uje na hiyo motokari. Ukifika nayo Alhamisi ya mwisho mbele ya mfungo, jua halijazama, ndoa iko. Ukija kwa miguu, ao kwa baiskeli, ao juu ya kamiyo ya mutu mwingine, urudi vile ulikuja. Kuna karani wa machimbo anaomba Zaina, na ule iko na pikipiki."

Mjomba aliketi juu ya gurudumu akafuta uso. Zilibaki wiki tatu, na motokari ilikuwa imekosa kitu kimoja.

Moteri inapowaka hupata moto mkali. Lazima maji yaizunguke, yatoke yakiwa yamechemka, yaende kwenye radiatere, yaani kile kisanduku cha mbele chenye vimirija vinavyopigwa na upepo, yapoe humo, kisha yarudi. Bomba moja la juu la kwendea, bomba moja la chini la kurudia. Mjomba alikuwa na moteri na alikuwa na radiatere. Mabomba ndiyo hakuwa nayo. Mipira ya asili ilikuwa imeoza, na dukani hawakuuza mipira ya moteri ya umri ule. Alijaribu mwanzi. Mwanzi ulipasuka kwa kishindo Bibi akiwa kwenye rakaa ya pili, akakatiza sala kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alijaribu ngozi ya mbuzi iliyoshonwa kwa uzi wa viatu. Ngozi ilichemka mpaka ikawa supu. Majirani walisema inanukia vizuri, ingekuwa na chumvi tu.

Mabomba ya shaba, manene na mazima, yalikuwa mawili tu katika mtaa wote. Yalikuwa ya Mama Agata.

Mama Agata alikuwa jirani yetu wa nyuma, Mkristo, mjane, mzaliwa wa upande wa Wamaza. Mchana aliuza mihogo. Lakini kila mtu alijua kwamba nyuma ya ukuta wake kulikuwa na chungu kikubwa, karai la maji baridi, na mabomba yale, yaliyowahi kuwa ya meli ya moshi iliyovunjika huko mtoni. Kwa vitu hivyo alipika lutuku, ile pombe kali ya muhogo na mahindi iliyokatazwa na serikali na kupendwa na makarani wake. Mjomba alikuwa mtu wa kuswali sala tano. Alipita nyumba ya Mama Agata akiwa ameziba pua, hata siku ambazo hakupika kitu.

Akaenda kwanza kwa mwalimu wa msikiti kuuliza kama inafaa. Nilikwenda naye, kwa sababu sikuacha swali lolote linipite.

Mwalimu alifikiri kidogo. "Maji yatakayopita humo, motokari itayanywa?"

"Itayanywa, Mwalimu."

"Na wewe utayanywa?"

"Hapana."

"Motokari yako inaswali?"

"Haiswali."

"Basi mbona unanisumbua kwa dini yake?"

Hivyo ndivyo mabomba yalivyoingia uani kwetu. Bibi hakuridhika na fatwa, akayasugua mara saba kwa majivu na ndimu, na Mama Agata aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa akitazama, uso umemkunjamana kama mama anayeogeshewa mtoto na watu baki. Alikuwa ametoa sharti moja. Binti yake alikuwa amejifungua Kabambare. "Kule bomba yangu inakwenda," alisema, "na miye nakwenda."

"Mama Agata," Mjomba akamsihi, "nakwenda kuoa. Nitafikaje ukweni na..." Akatafuta neno.

"Na jirani," Mama Agata akamsaidia. "Utafika na jirani yako. Ao uende na ile mwanzi yako."

Sasa ndipo mimi ninapoingia. Kupanga njia ya mabomba kulikuwa kazi yangu, kwa sababu nilisema ni kazi yangu. Nilikuwa na kitabu cha mamere chenye picha ya vyombo viwili vilivyounganishwa chini kwa mrija, na maji yamekaa usawa mmoja katika vyombo vyote viwili. Nilichukua mkaa nikachora motokari nzima kwenye mlango wa jiko la Bibi. Mjomba alikuwa amefunga radiatere chini kabisa mbele, chini kuliko moteri, ili kitu chochote kisizuie watu kumwona bibi harusi atakapoketi. Kati ya moteri na radiatere palikuwa na boriti nene iliyoshika taa. Basi nikachora bomba la juu likitoka kwenye moteri, likipanda juu ya boriti, likiteremka hadi kwenye radiatere. Lilikuwa na nundu kama ng'ombe. Nilidhani ni nundu ya kupendeza.

Mama Agata alikuja kuchungulia hatima ya mali yake. Alitazama mchoro muda mrefu, akiwa ameinamisha kichwa. Hapo ndipo alipouliza.

"Hayo maji, nani atayasukuma?"

Mwanangu, moteri ile ilikuwa ya aina ya zamani isiyo na pampu ya maji. Nililijua hilo. Na katika siku zote nilizochora na kufuta, sikuwahi kujiuliza ni kitu gani kitakachoyatembeza maji. Nilitazama mchoro wangu, nikamtazama yeye, mikono yake yenye alama za kuungua, kanga yake yenye harufu ya moshi, nikasema:

"Hayahitaji kusukumwa. Maji hutafuta usawa wake yenyewe. Ni sayansi."

"Siyansi," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Na hapa juu, kwa hii nundu?"

"Yatapita."

"Yapite kwa nini?"

"Kwa sababu bomba lipo."

Mjomba akacheka kwa fahari. "Mama Agata, mwache mwipwa wangu. Huyu amesoma. Bomba lako limezoea mambo mengine."

"Haya," alisema Mama Agata. "Mwenye kusoma amesema." Akaenda zake.

Nilihisi nimeshinda. Kumbe nilikuwa nimemnyamazisha mtu tu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mjomba alijaza mchanga ndani ya bomba ili lisibonyee, akaziba ncha kwa udongo, akalichoma kwenye makaa na kulikunja polepole kwenye kisiki mpaka likawa kama nilivyochora. Viungo tulivifunga kwa mpira wa baiskeli na waya. Tuliwasha moteri uani kwa muda wa kupika chai, ikanguruma vizuri, watu wakapiga vigelegele, tukaizima. Hatukuiacha ikawaka zaidi, kwa kuogopa kumaliza mafuta ya safari. Ni jaribio ambalo ningelicheka sana kama lingefanywa na mtu mwingine.

Alhamisi ya mwisho kabla ya mfungo tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mjomba alivaa kanzu mpya na kofia ya kufumwa. Mama Agata aliketi kati yetu, shingo imenyooka, macho hayatoki kwenye bomba. Mimi nilishika kitabu mapajani. Mtaa mzima ulitusindikiza mpaka mwisho wa mji, nusu wakituombea na nusu wakingoja tuzimike ili waturudishe kwa kusukuma.

Hatukuzimika. Tulikwenda vizuri mpaka kilima cha kwanza. Hapo moteri ilianza kuimba kama birika, mvuke ukatoka kila kiungo, Mjomba akakanyaga breki na kuruka chini akiwa ameshika kofia.

"Maji yamepungua," nikatangaza.

Tukangoja ipoe, tukaongeza maji, tukaendelea. Kilima cha pili, hivyohivyo. "Bado yamepungua," nikasema. Kilima cha tatu hakikuwa kilima hasa, ni barabara kuinuka kidogo tu, na moteri ilichemka mpaka kanzu ya Mjomba ikapata madoa ya kutu kifuani. Nikasema radiatere ni ndogo. Nikasema jua ni kali. Nikasema huenda Mama Agata ni mzito. Nilisema mambo mengi siku ile.

Kufikia adhuhuri hatukuwa hata nusu ya njia, na madumu yetu ya maji yalikuwa matupu. Tulisimama mahali ambapo watu wa kijiji fulani walikuwa kwenye zamu ya kutengeneza barabara, kazi ya lazima ya wakati ule. Walifurahi kupata sababu ya kuweka majembe chini. Kapita wao, yaani msimamizi, mtu mrefu mwenye suruali fupi, aliizunguka motokari, akafika ubavuni, akasoma kwa sauti: "Ni-me-fi-ka." Akatazama msitu huku, akatazama msitu kule. "Umefika wapi, Bwana?"

"Soma polepole," Mjomba akamjibu. "Sijamaliza kuandika."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mjomba hakucheka. Alikwenda akaegemea mti, akatazama jua, na nikamwona anahesabu kwa vidole saa zilizobaki. Alikuwa mtu wa mzaha, mwanangu, lakini alihesabu mara mbili. Miaka miwili alikuwa amekula chakula cha mama yake kama kijana asiyeoa, akigonga vyuma kila jioni kwa ajili ya siku ile. "Mwavita," akaniita, "kitabu kinasema nini tena?"

Nikafungua kitabu. Picha ya vyombo viwili ilikuwa palepale, maji yametulia humo, hayana habari nasi.

Mama Agata alishuka. Alifunga kanga kiunoni, akasogeza kiganja karibu na moteri, akakirudisha upesi. Kisha akaenda mbele, akaweka kiganja kizima juu ya radiatere. Akakiacha hapo.

"Bwana Sefu," aliita. "Kuya ushike hapa."

Mjomba akashika. Akashtuka. Kapita akashika. Watu wa barabara wakapanga mstari, kila mmoja akashika, wakatazamana.

"Iko baridi kama pua ya imbwa," alisema Mama Agata. "Kule kunachemka, huku kunalala. Maji hayajafika hapa hata siku moja."

"Haiwezekani," nikasema kutoka kitini.

"Kuya ushike."

"Sina haja ya kushika. Bomba lipo, maji yamo, lazima..."

"Mwavita," Mjomba akasema taratibu, na hakuwahi kuniita kwa sauti ile. "Shuka ushike."

Nikashuka nikashika. Mwanangu, nimeshika vitu vingi vya aibu maishani, lakini hakuna kilichokuwa baridi kama kile.

Mama Agata aliketi kwenye ukingo wa barabara akaniashiria nikae karibu naye. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. "Pale kwenu niliuliza nani atayasukuma maji. Haukujua. Kutojua haiko makosa, miye pia kuna mambo mingi sijui. Makosa ni ulinijibu. Kama ungesema 'sijui, Mama Agata,' tungekaa wawili, tungeangalia, pengine tungejua. Lakini ulinijibu, nami nikanyamaza, maana nilisema, huyu amesoma, pengine iko kitu anaona miye sioni."

Nikafunga kitabu.

"Sasa niulize weye," akasema.

Nilikuwa hodari wa kuuliza watu ili waanguke. Kuuliza ili nijue, tena mbele ya watu ishirini wenye majembe, kulikuwa kama kumeza mfupa. "Mama Agata," nikasema, "nani anayasukuma?"

"Moto," akajibu. "Nani mwingine? Nikipika ile dawa yangu, bomba inapita ndani ya karai ya maji baridi. Maji yanapata moto. Ya juu yanaunguza kidole, ya chini yanabaki baridi. Kila saa nachota ya juu natupa. Ya moto yanapenda juu, ya baridi yanapenda chini, hakuna mutu anayatuma. Sasa weye umeweka mahali pa kupoza chini, mahali pa moto juu. Ya moto yashuke kwa sababu gani? Na katikati umeweka nundu. Mvuke umepanda pale, umeketi, umefunga mulango. Bomba ikipanda, ipande. Ikishuka, ishuke. Usiitume huku na huku, itachoka."

Miaka kadhaa baadaye, chuo kikuu, mhadhiri alijaza ubao mzima kwa hesabu za jambo hilihili. Alikuwa sahihi, lakini alitumia saa mbili.

Mjomba alikuwa amekwisha kufungua boksi la vyombo. "Radiatere ipande juu ya boriti," alisema. "Juu kabisa."

"Lakini bibi harusi hataonekana," nikamkumbusha.

"Bora bibi harusi asiyeonekana kuliko asiyekuwepo. Leteni kamba."

Watu wa barabara wakakata fito na kamba za porini, wakainua radiatere juu ya boriti, wakaifunga wima mpaka motokari ikawa kama mtu aliyebeba meza kichwani. Sasa bomba la juu lilikuwa refu mno, na la chini fupi mno. Mjomba akachukua msumeno, akauweka penye nundu, kisha akasita, akamtazama Mama Agata. Sote tukamtazama. Lile bomba ndilo lililomlisha tangu alipofiwa. Lilisomesha binti yake. Alikuwa amelifuata mpaka huku ili lisipatwe na neno.

Akageuka akatupa mgongo. "Kata," alisema. "Kata upesi. Na usiniambie ikiisha, nitasikia."

Kipande kilichokatwa kutoka juu tulikiunga chini, kikatosha. Mpira wa baiskeli haukutosha viungo vyote, basi Mama Agata akaomba bugali wa muhogo kwa watu wa barabara, chakula chao cha mchana, akaukanda na majivu, akapaka kila kiungo kama anavyopaka mdomo wa chungu chake. Kapita alitazama bugali wake ukienda kwenye mashine, akauliza kama kuna mboga. Tukajaza maji ya kijito, Mjomba akawasha.

Niliweka mkono juu ya radiatere. Baridi. Nikangoja. Baridi. Mjomba alikuwa anasoma dua bila kutoa sauti. Kisha chini ya vidole vyangu kikaja kijoto kidogo, kwanza juu kabisa, halafu kikateremka polepole, mrija baada ya mrija.

"Yanatembea," nikasema. "Mjomba, yanatembea!"

Watu wa barabara wakapiga makofi. Mama Agata akasema tu, "Twende, jua halingoji mutu."

Lilibaki tatizo moja dogo. Radiatere sasa ilikuwa imesimama sawasawa mbele ya macho ya Mjomba. Hakuona barabara hata kidogo. Basi Mama Agata akasimama kwenye kipandio cha pembeni, akashika mlango kwa mkono mmoja, akaelekeza kwa mwingine. "Kuume, Bwana Sefu! Kushoto! Nimesema kushoto, ile ni mutaro! Polepole, mbuzi! Mbuzi anaenda, haya, pita!" Mjomba, mtu wa sala tano, aliyekuwa akiziba pua nyumbani kwa mwanamke yule, alisafiri nusu ya njia ya kwenda kuoa akiona kwa macho ya mwanamke huyohuyo. Vilima vitano tulipanda. Radiatere ilivuta mvuke kidogo kwenye kifuniko, kama mzee anavyovuta kiko, lakini haikuchemka. Bugali ulikauka kwenye viungo ukaanza kuiva na kunukia, na tulipokaribia Kabambare mbwa watatu walikuwa nyuma yetu wakidhani tumeleta karamu.

Mzee Athumani alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake. Alitazama jua kwanza, lililokuwa limefika kwenye paa la jirani, ndipo akatutazama sisi. Aliizunguka motokari mara mbili. Akanusa.

"Hii ni motokari ao ni jiko?"

"Ni motokari, Baba."

"Mbona imevaa kofia?"

"Jua lilikuwa kali njiani, Baba."

Mzee akamtazama Mama Agata aliyekuwa anashuka kwenye kipandio, vumbi mpaka kwenye kope. "Na huyu?"

Mjomba akasogea karibu na Mama Agata. "Huyu ni fundi wangu," akasema. "Na ni jirani yangu."

Mzee akaangalia tena jua. "Limebaki kidogo," alisema. "Lakini limebaki. Karibuni ndani." Mlangoni alikuwa amesimama Zaina, kanga kichwani, akiitazama ile motokari bila kupepesa macho, kwa muda mrefu sana. Nilidhani ni furaha.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Endelea kuuliza. Sikukatazi, na anayekukataza mwambie aje kwangu. Lakini swali unalomuuliza mwenzako, jiulize na wewe kabla hujalala. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema "sijui", tena useme upesi, kabla ulimi haujapata muda wa kutafuta nguo ya kuvaa. Usimnyamazishe mtu kwa kitabu ambacho hajakisoma, kwa sababu huenda mikono yake imesoma kingine. Na ukiambiwa "njoo ushike," shuka kitini ushike.

Mungu akupe kiganja kisichoogopa joto na shingo inayojua kuinama kutazama. Akukutanishe mapema na watu watakaokuuliza maswali magumu, na akupe adabu ya kutowajibu haraka. Popote utakapokwama, pawe na kijito karibu, na watu wenye moyo wa kukupa bugali wao.

Jambo moja nililijua baadaye sana, Mjomba akiwa amekwisha kutangulia, mimi mwenyewe nikiwa na wajukuu. Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, na mkewe, Yaya Zaina kama nilivyomwita kwa heshima, nikamuuliza, kwa kupitisha wakati tu, baba yake alitoa wapi lile wazo la sharti la motokari. Hakuinua kichwa. "Baba hakuwa na wazo," alisema. "Ni miye nilimwambia aseme vile. Madereva wote wa kamiyo walikuwa wameniapia kwamba ile kitu haitatoka Kasongo hata siku moja."